Mwana-mbuzi wa Yuda na Beseni la Omena

(Mazungumzo ya redioni. Somo: Mwanzo 38:12–26)

Somo letu la leo halisomwi mara nyingi kanisani. Wahubiri wengi husoma jinsi Yusufu alivyouzwa na ndugu zake katika sura ya 37, kisha huiruka sura ya 38 na kumfuata Yusufu hadi Misri, nyumbani kwa Potifa. Sababu yake twaijua. Watoto wapo, wakwe wapo, na mambo yaliyomo humo yanatutia haya kuyatamka. Hata hivyo twawaomba mketi nasi karibu na redio, ninyi akina baba na ninyi akina mama, maana jambo tunaloleta asubuhi hii linatendeka kwetu, nalo limejificha ndani ya neno moja.

Neno hilo ni jaboya. Ninyi wa Rusinga, Mfangano, Mbita na Sindo, na ninyi wa Sori na Muhuru kule Migori, hamhitaji kuelezwa. Lakini mazungumzo haya huchapishwa katika gazeti letu, nalo linasomwa na ndugu walio mbali na ziwa, basi mturuhusu tueleze kidogo.

Kwa mgeni, Rusinga ni kisiwa chenye kaburi la Tom Mboya, tena ni mahali ambapo Mary Leakey aliokota fuvu la kale la Proconsul mwaka 1948. Kwa mwenyeji ni mahali pa omena, ambao ndio dagaa wa ziwa letu. Omena huvuliwa usiku wa giza kwa kuvutwa na mwanga. Mashua hutoka jioni na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Alfajiri mashua hurudi, na bichini, au mwaloni kama wasemavyo ndugu zetu wa Mwanza na Musoma, wanawake wamekwisha kufika na mabeseni. Kazi imegawanywa tangu zamani. Mwanamume huvua. Mwanamke hununua, huanika juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa mchangani, hupima kwa gorogoro, kisha husafirisha hadi Homa Bay, Kisumu, hata Nairobi. Mwanamke haingii mashuani kuvua, na mwanamume hakai kuchambua dagaa juani.

Sasa fikirini hesabu yake. Samaki aina ya mbuta aliingizwa ziwani miaka ya 1950. Biashara yake ilipopanda katika miaka ya 1980, viwanda vilianza kununua kwa ajili ya soko la Ulaya, na samaki yule akaingia mikononi mwa mawakala wenye magari na barafu. Akina mama wadogo wadogo wakabaki na omena. Baadaye omena naye akatafutwa na watengenezaji wa chakula cha kuku. Tena kwa miaka mingi sheria ya uvuvi ya Kenya imefunga uvuvi wa omena kila mwaka, tangu Aprili 1 hadi Julai 31, ili samaki wapate kuzaana. Agosti inapofika kila mama ana deni la karo na deni la unga. Mashua ikigusa mchanga, wanunuzi ni wengi na mabeseni ni mengi kuliko samaki. Nani ajaziwe kwanza?

Hapo ndipo anapoingia jaboya. Ni yule mvuvi ambaye mwanamke amepatana naye kwamba atamwekea samaki, na mwanamke atampa mwili wake. Na hapa tafadhali sikilizeni kwa makini, maana walio mbali hukosea. Mwanamke huyu mara nyingi hapewi samaki bure. Analipa fedha, bei ya bichi au pungufu kidogo. Mwili wake umeongezwa juu ya bei. Kwa mwili wake ananunua ruhusa ya kununua.

Je, neno lenyewe linasema nini? Katika Kijaluo, herufi hizo mbili za kwanza, ja, huonyesha mtu wa jambo fulani. Jalupo ni mvuvi. Japuonj ni mwalimu. Kwa hiyo jaboya linasikika kama jina la kazi au cheo, na sikio la Mswahili husikia ndani yake boya, kile kitu chepesi kinachoelea ili kuonyesha wavu ulipo. Hakuna mwanamke ndani ya neno hilo. Hakuna kitanda, wala njaa, wala ugonjwa. Ni neno ambalo mtu aweza kulitamka mbele ya mkwewe. Mama aweza kumshauri bintiye atafute jaboya wa kutegemewa, na shauri hilo likapita kana kwamba amemshauri kufungua akaunti posta.

Tumesikia wengine wakisema kwamba hiyo ni mila ya watu wa ziwani. Hatukubali. Mila ina wazee wake, ina miiko yake, ina siku zake. Hii haina mzee anayesimama kuitetea barazani wala mwiko unaoilinda. Imepewa sauti ya mila na neno lake tu.

Sasa mfuateni binti huyo huyo. Tuseme omena wamekosekana, akavuka daraja la Mbita, akakaa jioni karibu na mlango wa baa. Mwanamume akampa noti chache. Tangu usiku huo jina lake ni malaya. Umaskini ni ule ule, mwili ni ule ule, na mara nyingine mwanamume ni yule yule aliyeshuka mashuani asubuhi. Kilichobadilika ni kwamba malipo yamekuwa fedha taslimu. Bichini aibu haikuwa ya mtu yeyote. Baani aibu yote ni yake peke yake, maana mwanamume anaitwa mteja, jina ambalo hata mnunuzi wa sabuni huitwa.

Maneno haya nayo yana safari yake. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu mwaka 1990 juu ya wanawake wa namna hii katika Nairobi ya wakati wa ukoloni. Alionyesha kwamba watu wa mjini walikuwa na majina matatu yaliyotofautiana. Watembezi walikuwa wale waliotafuta wanaume njiani. Wazi-wazi walikuwa wale walioketi nje ya milango yao na kutaja bei hadharani. Na malaya alikuwa yule aliyengoja chumbani mwake, huko Pumwani kwa mfano, akampokea mwanamume kwa chai, chakula na maji ya kuoga, bila makelele ya kuwasumbua majirani. Kati ya majina hayo matatu, malaya lilikuwa la mwanamke mtulivu. Leo watoto hulitupa neno hilo kama jiwe. Tanzania walipata changudoa, ambalo ni jina la samaki wa baharini mwenye doa ubavuni, kisha wakapata dada poa. Sisi watu wa samaki hatuna haki ya kushangaa kwamba mwanamke amepewa jina la samaki! Kila kizazi hutafuta neno jipya kwa sababu lile la zamani limekwisha kuchafuka, na baada ya muda lile jipya nalo huchafuka, maana mkono unaolishika ni ule ule.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, huko San Francisco, mwanamke aitwaye Carol Leigh, ambaye mwenyewe alikuwa katika biashara hiyo, alianza kusema kwamba iitwe kazi, na wanaoifanya waitwe wafanyakazi. Neno hilo limeenea duniani, na siku hizi hutumiwa sana katika kliniki zetu na katika mipango ya kupambana na UKIMWI. Baadhi yenu mmelisikia mkakasirika. Tunawasihi msilikatae kabla hamjaona lilivyosaidia. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2018, watu 4.9 kwa kila mia katika Kenya nzima, wa umri wa miaka 15 hadi 64, walikutwa na virusi vya UKIMWI. Kaunti ya Homa Bay walikuwa 19.6 kwa kila mia, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano, na Migori walikuwa 13. Mwanamke akiitwa malaya kwenye dirisha la dawa, harudi. Akipokelewa kama mtu mwenye shughuli zake, anarudi mwezi ujao kuchukua vidonge, naye anaishi, na watoto wake wana mama. Kuna watu walio hai leo kwa sababu muuguzi alichagua neno. Mkristo atakayelicheka neno hilo na aende kwanza akahesabu makaburi ya miaka ya 1990 katika boma lake.

Hata hivyo tukilileta neno hilo bichini, halikai sawa. Kazi ina ujira. Muulizeni mama wa omena, ujira wake ni nini? Alikuja na fedha zake, ameondoka na samaki aliowalipia. Tukimwita yeye mfanyakazi, mvuvi tutamwitaje? Mwajiri? Kama wale wa mjini wanalitaka neno hilo kwa ajili yao wenyewe, hilo ni la kuzungumza na wao wenyewe. Lakini kwa huyu wa bichi neno kazi hufanya kosa lile lile la neno jaboya. Husema kwamba watu wawili wamekutana sokoni, kila mmoja na mali yake, wakapatana. Haliseme kwamba mmoja wao amesimama mlangoni na kumzuia mwenzake kupita.

Basi sasa tufungue Biblia zetu.

Tamari alikuwa mjane. Aliolewa na mwana wa kwanza wa Yuda, mume akafa. Akapewa wa pili, naye akafa. Kwa desturi ya wakati ule alistahili kupewa wa tatu, Shela, ili apate mtoto na mahali pa kukaa. Yuda aliogopa kumpoteza mwana huyu pia, akamwambia Tamari arudi kwa baba yake angoje. Akangoja. Shela akawa mtu mzima, na Tamari hakuitwa. Wasikilizaji wa Rusinga wanaielewa habari hii upesi kuliko wataalamu wengi wa Ulaya walioiandikia vitabu, maana kungoja kwa mjane katika boma la baba mkwe si jambo la kusoma tu kwao. Na wajane wangapi wako bichini asubuhi hii, wenye beseni kichwani?

Yuda akapanda kwenda Timna kwa wakata manyoya ya kondoo. Tamari akavua nguo za ujane, akajifunika uso, akaketi kando ya njia. Yuda akamdhania kahaba. Wakapatana bei, na bei haikuwa fedha. Ilikuwa mwana-mbuzi mmoja kutoka kundini mwa Yuda. Mwenye mbuzi hulipa mbuzi, kama mwenye samaki anavyolipa samaki. Na kwa kuwa mbuzi hakuwapo pale, mwanamke alitaka rehani: pete ya muhuri, kamba yake, na fimbo.

Siku zilizofuata Yuda akamtuma rafiki yake Hira apeleke mbuzi na kuchukua rehani. Angalieni maneno. Mwandishi anapotueleza jinsi Yuda alivyomdhania yule mwanamke, anatumia neno la kawaida la Kiebrania la kumtaja kahaba, zona. Lakini Hira anapowauliza watu wa mahali pale, hatumii neno hilo. Anatumia jingine, kedesha, linalotoka katika mzizi mmoja na neno la utakatifu. Wako wanaosema maana yake ni mwanamke wa mahali pa ibada, na wengine huona kwamba ni njia ya heshima ya kumtaja yule yule wa kwanza. Msomaji wa Kiswahili aweza kupita asiione tofauti hiyo, lakini maneno ni mawili. Hira ni mtu wa adabu. Yuko ugenini, ana mbuzi mkononi, na aliyemtuma ni mtu mwenye mali. Anahitaji neno ambalo litafanya safari yake ionekane ya kawaida. Hakumpata mwanamke, na Yuda akaamua jambo liachwe, wasije wakachekwa.

Miezi mitatu ikapita. Yuda akaambiwa kwamba mkwewe ana mimba. Sasa lile neno laini halipo tena. Wanaoleta habari wanatumia lile la kwanza, lile kali, na Yuda hakuuliza hata swali moja. Aliamuru mwanamke atolewe nje achomwe moto. Tendo lilikuwa moja, ndugu zangu. Lilipokuwa deni la Yuda lilitembea njiani na jina la heshima, pamoja na mbuzi. Lilipokuwa mimba ya Tamari likapewa jina la kuchomea.

Tamari hakubishana juu ya jina. Hakutuma ujumbe kusema kwamba yeye siye kahaba. Alituma pete, kamba na fimbo, akataka mwenye vitu hivyo atambuliwe. Yaani aliuliza swali ambalo katika kijiji kizima hakuna aliyekuwa ameliuliza: mwanamume ni nani? Naye Yuda, kwa hili twamheshimu, aliungama mbele ya watu kwamba mwanamke huyo ana haki kuliko yeye mwenyewe. Na sababu aliyoitoa ni kwamba hakumpa Shela. Hakuanza na zinaa. Alianza na kitu ambacho alikuwa nacho mkononi, ambacho Tamari alistahili, naye akamnyima.

Sisi twaona kwamba jina la jambo la bichini lazima lianzie hapo hapo, katika kunyimwa. Na jina liko tayari, katika lugha yetu wenyewe. Ng'ambo ya ziwa, sheria ya kupambana na rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, inamwadhibu mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe haki au upendeleo wowote. Watu wa huko huliita jambo hilo rushwa ya ngono, na maneno hayo yameingia katika vinywa vya kila mtu, kuanzia vyuo hadi masoko. Sheria hiyo iliwafikiria wenye vyeo, na mvuvi hana ofisi. Lakini lisikilizeni jina. Mahali palipo na rushwa, kila mtu hujua kwamba kuna aliyedai na kuna aliyedaiwa. Mama aliyelazimishwa kutoa chai ili mwanawe apate nafasi shuleni, hatumwiti mfanyabiashara ya chai. Twamwonea huruma, na twauliza ni nani aliyekaa kiti kile.

Kwetu Kenya, Sheria ya Adhabu, sura ya 63, vifungu vya 153 na 154, humwadhibu anayeishi kwa mapato ya ukahaba. Mvuvi haishi kwa mapato hayo. Anaishi kwa samaki. Basi sheria ikipita bichini na neno lake ukahaba, inamtazama mama, inapita.

Kuna wasikilizaji watakaouliza: je, wanawake hawa hawakukubali wenyewe? Wapo wanaokubali, kweli, na wapo wanaompenda jaboya wao, wakamfulia nguo, wakamzalia watoto. Hatutaki kusema uongo ili hoja yetu ipendeze. Tamari naye aliketi njiani kwa miguu yake mwenyewe. Ila msomaji wa sura hii anajua alikuwa amebakiwa na njia ngapi.

Na tumtendee mvuvi haki pia. Wengi wa vijana hawa hawana mashua. Ni vibarua wa mwenye mashua, hulipwa kwa mgao wa usiku ule, na usiku mwingine hakuna cha kugawana. Wanahama bichi hadi bichi wakifuata samaki, mbali na wake zao. Uwezo wake wote hudumu saa moja, tangu mashua inapogusa mchanga hadi samaki wanapokwisha. Katika saa hiyo moja yeye ni bwana. Kisha anabeba ugonjwa ule ule hadi bichi nyingine. Mwenye mashua amelala nyumbani kwake, jina lake safi, na huenda Jumapili ndiye anayehesabu sadaka.

Hapo twafika kanisani. Sikilizeni jinsi wengi wanavyosema mimbarini: wanawake wa bichi. Kila mtu anaelewa, na vichwa vinatikiswa. Hatujasikia mhubiri akisema wanaume wa bichi, ingawa bichi ina wanaume wengi zaidi na ndio wanaolala huko. Binti akionekana ana mimba, jina lake husomwa, hutengwa na Meza ya Bwana. Fungueni daftari la mashauri la kanisa lolote la ziwani, mhesabu. Majina ya wanawake mangapi? Na penye kila jina la mwanamke, pete na fimbo ziko wapi?

Hatusemi kwamba dhambi isiitwe dhambi. Mathayo hakuificha, katika ukoo wa Bwana wetu, sura ya kwanza, mstari wa 3, Tamari ametajwa, na mstari wa 5 ametajwa Rahabu. Wote wawili wako pale kwa majina yao tu. Waraka kwa Waebrania na ule wa Yakobo bado humwita Rahabu kahaba, ili tukumbuke alikotolewa. Mathayo alipoandika ukoo aliona jina alilopewa na mama yake linatosha. Kanisa linahitaji ndimi hizo mbili, na hekima ya kujua ni lini itumike upi.

Mwaka 2011, katika bichi ya Nduru upande wa Kisumu, wanawake walianza kupata mashua zao wenyewe kwa msaada wa wafadhili. Waliwaajiri wanaume wavue. Mashua ilipogusa mchanga, mwenye samaki alikuwa mama, naye ndiye aliyeamua beseni lijazwe la nani. Chama chao walikipa jina la Kiingereza lisilo na pazia, ambalo maana yake ni kwamba hakuna ngono kwa samaki. Wako waliosema ni jina la aibu, lisingefaa kutajwa hadharani. Wale wale walikuwa wakilitamka jaboya kila siku bila kuona haya. Kwa miaka kadhaa jambo lile lilikwenda. Mashua za mbao huchakaa, na baadhi zikachakaa; kisha mwaka 2020 maji ya ziwa yakapanda, yakaifunika Nduru, watu wakahama. Jina zuri halizuii mafuriko. Lakini katika miaka ile walikuwa wameonyesha kwamba mwenye wavu akibadilika, bei hurudi kuwa fedha tu.

Si kila kikundi cha akina mama kitaweza kununua mashua. Kuna jambo dogo linalowezekana juma hili. Tangu kanuni za mwaka 2007, kila bichi inapaswa kuwa na kamati yake, ile tuiitayo BMU, yenye orodha ya mashua, ya wavuvi na ya wanunuzi. Katika kamati nyingi wamo wazee wa kanisa. Ninyi wazee, kwenye kikao kijacho ombeni mambo mawili yaandikwe ubaoni kwa chaki: bei ya beseni ya asubuhi ile, na majina ya wanunuzi kwa kufuata aliyefika kwanza. Na katika kumbukumbu za kikao, pale ambapo katibu angeandika jaboya, aandike rushwa ya ngono, na jina la mashua iliyohusika. Wenye mashua watauliza kwa nini jina la mashua yao limetajwa. Waacheni waulize.

Tuombe. Ee Bwana, uwatazame walio ufuoni sasa hivi, wenye mabeseni na wenye nyavu. Uwape akina mama samaki kwa bei iliyoandikwa. Wagonjwa wasikose dawa zao. Wanaoongoza bichi wapate ujasiri wa kusema jambo kwa jina lake. Amina.

Juma lijalo, Bwana akipenda, tutaingia sura ya 39, nyumbani kwa Potifa, ambako mwenye uwezo alikuwa mwanamke na aliyedaiwa mwili wake alikuwa kijana mtumwa.